Rweya Si Mbuga

Mhariri akiondoa neno katika shairi la mtu, ana wajibu wa kuweka jingine linalolingana nalo kwa mizani, kwa kina na kwa maana. Mizani si kazi ngumu. Kina ni kazi ya jioni moja. Maana ndiyo hutushinda, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kijana mmoja wa Muleba, mtunzi anayechipukia, alipeleka tarbia yake katika mashindano ambayo sitayataja. Shairi lilieleza mwendo wa kawaida kabisa: mtu anatoka kijijini alfajiri, anakwenda gulioni Kamachumu kwa njia moja, anauza alichobeba, kisha anarudi nyumbani kwa njia nyingine. Hakuna mapenzi, hakuna siasa, hakuna hata kifo. Katika ubeti mmoja msafiri anasema amekwisha vuka rweya. Shairi likarudi neno hilo likiwa limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwamba atumie "mbuga", ndicho Kiswahili sanifu. Kijana akatii. Kwa kuwa rweya lilifunga ukwapi, na kina cha kati kilikuwa ya, ilimbidi avunje vipande vya mishororo mingine ili vyote viangukie ga. Alifaulu, maana ana kipaji. Ubeti ukasimama, mizani haikupungua wala kuzidi. Ila msafiri wake alihamishwa nchi.

Kwa wasioijua nchi hiyo, Kamachumu ni mji mdogo wa biashara ulio juu ya nchi iliyoinuka, wilayani Muleba, kusini mwa Bukoba. Barabara itokayo Bukoba hupita Kemondo, ikafika Muhutwe; hapo mwenye kwenda Kamachumu huiacha barabara kuu na kuupanda mlima. Hiyo ni njia ya magari. Mtu wa vijiji vya kandokando hakuwa na haja nayo. Yeye alikwenda kwa vijia, na vijia vyake vilikuwa viwili, kwa sababu inayoeleweka na kila aliyewahi kubeba mkungu wa ndizi kichwani. Wakati wa kwenda mzigo ni mzito, basi hufuatwa kijia kinachopita chini ya migomba, penye kivuli, nyumba kwa nyumba, ambapo mtu anaweza kutua mzigo akaomba maji. Wakati wa kurudi mzigo umekuwa chumvi, sabuni na fungu la dagaa. Basi hukatwa moja kwa moja juu ya uwazi wa nyasi, penye upepo, hata kama kuna mawe. Njia hizo mbili zikiungana mlangoni pa mwenyewe, hufanya duara.

Watunzi wenzangu mnaijua bahari ya pindu, ambayo wengine huiita mkufu, ambamo ubeti huanza kwa maneno yaliyoufunga ubeti uliotangulia. Kijana wetu hakuandika pindu, lakini mwendo wake ni wa aina hiyo: kila kipande cha nchi hushika mkono kipande kilichopita. Kibanja hukabidhi msafiri kwa kikamba, kikamba humkabidhi kwa rweya, rweya humrudisha kibanjani. Maneno haya matatu ni mfumo mmoja. Ukiling'oa moja ukapachika neno la kuokota, mkufu unakatika, na msomaji wa mbali hatajua kwamba palikuwa na mkufu.

Nianze na hilo lililokatwa. Rweya ni nchi ya nyasi iliyo nje ya migomba, juu ya migongo ya vilima vya Buhaya. Udongo wake ni haba, umesuguliwa na mvua nyingi hata ukabaki mwepesi na wenye mawe. Mgeni akiitazama atasema ni nchi tupu. Mwenyeji hawezi kusema hivyo. Rweyani ndiko ng'ombe walikolishwa, na samadi yao ikarudishwa migombani. Rweyani ndiko nyasi zilikokatwa, zikafungwa mizigo, zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke na usichukuliwe na maji. Rutuba yote inayosifiwa chini ya migomba ya Kagera haikuwapo tangu mwanzo. Ilibebwa. Vizazi kwa vizazi, kwa miguu, kutoka rweya kwenda kibanja, hata mahali pamoja pakawa peusi na pengine pakabaki pekundu. Kwa hiyo msafiri wa shairi lile anapovuka rweya, yumo katikati ya ghala la nyumba yake.

Sasa mbuga. Msomaji wa Mombasa au Dodoma akisoma mbuga, macho yake huona tembo, twiga na gari la watalii, kwa kuwa tangu zamani tumezoea kusema mbuga za wanyama. Msukuma naye, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, akisikia mbuga huona bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. La kwanza ni pori la wanyama, la pili ni nchi ya bondeni. Rweya si pori wala bonde. Je, tuseme nyika? Nyika ni ukame na miiba. Ndiyo nchi ambayo watu wa pwani waliiona nyuma ya Mombasa wakaikimbia. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini. Tuseme malisho? Malisho ni kazi moja tu kati ya kazi za rweya. Uwanda? Uwanda ni umbo la nchi, hauna mwenyewe wala desturi. Nimeyapima yote hayo nikiwa na nia njema, na kila moja limepungua.

Kibanja nacho kina mkasa wake, tena mkubwa zaidi, ingawa mhariri wetu hakukigusa. Nadhani alidhani ni kosa la chapa la kibanda, akalihurumia.

Wengi hukitafsiri kibanja kuwa shamba. Lakini katika Kiswahili mtu hwenda shamba. Shamba liko huko. Nyumba iko hapa. Mhaya hawezi kwenda kibanjani kwa maana hiyo kwa sababu amelala humo. Nyumba imo ndani ya migomba, mibuni imo chini ya migomba, maharage yamo chini ya mibuni, na makaburi ya wazee yamo humohumo, hatua chache kutoka mlangoni. Kibanja ni makao, ni chakula, ni fedha ya kahawa, ni mava na ni ukoo. Ndiyo sababu ugomvi wa kibanja hauishi kwa kupewa kibanja kingine. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, iliyoketi Mwanza, iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa baba yake. Jaji Mwalusanya alishikilia kwamba mwanamke ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Aliyeelewa kibanja ni nini ataelewa kwa nini uamuzi ule ulizua mjadala ambao shauri la shamba tupu lisingeuzua.

Wapenda lugha watafurahi kujua kwamba kibanja ni ndugu wa damu wa neno ambalo tunalo tayari. Pale Kihaya kinapotamka b, mara nyingi Kiswahili hutamka w au hukimeza kabisa: abantu ni watu, okubona ni kuona. Kwa kanuni hiyohiyo kibanja ni kiwanja. Mama mmoja amezaa watoto wawili wenye tabia zinazopingana. Kiwanja cha Kiswahili ni mahali palipofyekwa: kiwanja cha mpira, kiwanja cha ndege, kiwanja kilichopimwa kikangoja nyumba. Kibanja ni mahali palipofunikwa, hata jua la adhuhuri hufika chini likiwa vipandevipande. Mshairi aliyepewa maneno mawili ya namna hii, yenye mizani sawa na kina kimoja cha nja, halafu akaambiwa achague moja tu, amenyang'anywa mali.

Kikamba hakinichukui muda mrefu. Ni ukingo, ni nchi ya kati, mara nyingi mahali palipokuwa na migomba ikapungua nguvu, sasa panalimwa mihogo au viazi au pameota miti. Msafiri hukivuka kwa dakika chache. Lakini ndipo anapojua kwamba anatoka kivulini kuingia uwazini, na lugha yenye neno la mpaka huo ina jicho kali kuliko isiyo nalo.

Lipo la nne, linalonichekesha. Kipande cha rweya kinachochomwa na kulimwa kwa msimu, hasa kwa njugumawe, huitwa omusiri. Ukilivua kiambishi cha mbele na kulisanifu, unapata msiri. Nasi tunaye tayari msiri, yule mtu wa kuambiwa siri. Mkaguzi wa istilahi atalia kwamba maneno mawili yamegongana. Mimi naona bahati. Kwa desturi, migomba na kahawa vilikuwa chini ya amri ya mwanamume, na mwanamke ndiye aliyekwenda rweyani kulima mazao yake ya msimu. Njugumawe alizopeleka gulioni zilitoka huko, na fedha yake ilikuwa yake. Mwanamke na msiri wake! Malenga gani atapewa utata kama huo akaukataa?

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu la kudharau. Kiswahili sanifu kilijengwa kwa makubaliano. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Tanzania ina lugha zaidi ya mia. Kila mtunzi akimimina msamiati wa kwao, tutarudi mahali ambapo Mhaya hamwelewi Mmakonde, na faida yote ya lugha moja itapotea. Hoja hii imejenga taifa, siichezei.

Ila haiwezi kusimama juu ya msingi wa kusahau. Hao wanaolinda ngeli za Kiswahili wanalinda kwa neno la Kihaya: ngeli limetoka huko, nalo maana yake ni aina. Kila mwalimu anayesimama mbele ya darasa, Lamu hata Lubumbashi, akataja ngeli ya kwanza na ya pili, anazungumza kidogo lugha ya Bukoba bila kujua. Ikulu tumelipata bara. Ng'atuka ni la Kizanaki, na mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipong'atuka hakuna aliyemtaka aseme amejiuzulu. Senene nchi nzima inawajua kwa jina lao, na anayewaita panzi huonekana hajawahi kuwaonja. Kando ya Ziwa Viktoria, pahali ambapo mitumbwi hushusha samaki ni mwalo, hata katika maandishi ya serikali. Hakuna afisa uvuvi anayeuita bandari.

Wala sheria haikusubiri washairi. Buhaya palikuwa na mfumo wa umiliki uliomfanya mlimaji wa kibanja kuwa mtwana wa mwenye ardhi, akimlipa kodi na utumishi. Uliitwa nyarubanja, lisikilizeni banja humo ndani. Tanganyika iliyokuwa imekwisha kuungana na Zanzibar ilipoamua kuwakomboa wapangaji hao, ilitunga sheria mwaka 1965, na neno nyarubanja likawekwa katika jina la sheria yenyewe, katikati ya Kiingereza cha mawakili, bila tafsiri. Walijua kwamba ukilibadilisha neno, hujui tena unafuta nini. Ikiwa mwandishi wa sheria, mtu mkavu kuliko wote, aliliachia neno hilo lipite, mwamuzi wa mashindano ya ushairi anaogopa nini?

Nadhani kinachoogopwa si kutoeleweka. Ni mazoea ya sikio. Ushairi wetu ulizaliwa pwani na ulijifunza kusafiri kwa chombo. Mtunzi wa Kiswahili akitaka kusema maisha ni mwendo, mikono yake hwenda yenyewe kwenye tanga, usukani, kusi na kaskazi. Hayo ni maneno mazuri na siombi yaachwe. Lakini hata aliyezaliwa Nshamba, ambaye hajapata kuona jahazi ila katika picha, huandika hivyohivyo, na majira ya kwao huyaacha mlangoni: toigo, mvua ndefu, muhanguko, mvua za mwisho wa mwaka, kyanda, kiangazi kirefu, na mdogo wake akanda, kile kifupi cha baada ya mwaka mpya. Tazameni jinsi nanga lenyewe lilivyotugawanya. Kwa Mswahili, nanga ni chuma cha kukizuia chombo kisiende. Kwa Mhaya, enanga ni ala ya nyuzi ambayo juu yake tendi za mashujaa huimbwa usiku kucha. M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 juu ya tendi hizo. Nyuzi zile hazijazuia chombo chochote.

Mulokozi huyohuyo, pamoja na K. K. Kahigi, ndio waliotoa diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976. Tulikuwa tayari na Malenga wa Mvita, na mwaka uliofuata tukapata Malenga wa Mrima. Watu waligombana juu ya vina na mizani katika diwani ile, na kwa maoni yangu ugomvi uliwafanya waliache jambo lililokuwa limeandikwa kwenye jalada. Mvita ni mji. Mrima ni pwani inayojulikana mwanzo na mwisho wake. Bara ni nini? Ni jina lililotolewa na mtu aliyesimama ufukweni, akaelekeza kidole kule asikokwenda. Hakuna anayetoka Kamachumu akasema anakwenda bara. Yeye yuko kwao, na kwao kuna majina. Malenga wa bara alijipatia nafasi ya kutunga, lakini miaka karibu hamsini baadaye bado tunamwomba aieleze nchi yake kwa maneno ya aliyenyoosha kidole.

Siombi mlango uachwe wazi kwa kila kitu. Mtunzi anayeandika omuti wakati mti upo, au enju badala ya nyumba, anajipamba tu, na mimi nitakuwa wa kwanza kumkata kwa wino uleule mwekundu. Kipimo changu ni kimoja: litie neno la Kiswahili mahali pa lile la Kihaya, kisha umtembeze msafiri tena. Akifika mahali palepale, neno la ugenini halikuwa na kazi. Akifika kwingine, liache. Na likiachwa, liachwe kwa heshima, bila alama za kunukuu kama mfungwa, bila mabano ya kulieleza. Lipewe sarufi. Wenyeji wanaozungumza Kiswahili husema rweya hii na rweya hizi, basi ni ngeli ya I-ZI. Kibanja kina vibanja vyake, wala hakuna wa kubishana naye. Ubeti wenyewe utamfundisha msomaji. Hakuna aliyejua jahazi ni nini kule Muleba mpaka aliposoma mashairi ya pwani, na alielewa.

Tena wakati si mwingi. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba, na yapo maeneo ambako kibanja cha ukoo kiling'olewa shina kwa shina na kuchomwa kwa amri ya wataalamu, kwa kuwa hakuna dawa. Ng'ombe wamepungua, na nyasi za kutandaza pia. Gulioni siku hizi wengi hwenda kwa bodaboda, ambayo hushika barabara na kurudi kwa barabara ileile. Duara limekuwa mstari. Vijia vilivyopita karibu na milango, ambavyo mtu hakuweza kuvipita bila kusema waitu, yaani wetu, vingine vimezibwa kwa seng'enge. Siwalaumu waliopanda pikipiki. Mkungu wa ndizi ni mzito, na mama aliyeubeba miaka thelathini hadaiwi na mshairi yeyote.

Rweya yenyewe inagawanywa. Mwenye fedha hupata kipande, hukizungushia mpaka, hupanda mikaratusi au misonobari, na baada ya miaka michache nyasi hazioti tena chini yake. Kile kijia cha kurudia nyumbani alichokiandika kijana wetu bado kipo, nimekipita. Kwa sehemu kubwa kimeingia kwenye miti iliyopandwa kwa safu, kuna giza na majani makavu yanayopiga kelele chini ya viatu. Watoto wa shule wanaokikata asubuhi husema wamepitia msituni.